Apolonia Arudi Mtwara

Apolonia anaishi Mlandege, mjini Iringa. Ana miaka sabini na mmoja. Kila asubuhi hunywa chai jikoni na mwanawe Clement, na mara nyingi humsimulia habari za Mtwara.

Zamani mumewe, Sosthenes, alikuwa mpakiaji wa mizigo katika bandari ya Mtwara. Walipanga chumba kimoja. Katika chumba cha jirani alikaa Esta, mkunga. Esta ndiye aliyemzalisha Clement. Wanawake hao wawili walipika wali wa nazi katika sufuria moja, wakawa ndugu. Sosthenes alipofariki, Apolonia alirudi Iringa na mtoto mgongoni. Miaka arobaini ikapita.

Mwezi wa tano Esta akapiga simu. Macho yake yalikuwa yanafifia, na daktari alisema hayatapona.

"Njoo nikuone kabla giza halijaingia, mdogo wangu," alisema.

Clement akaenda stendi kukata tiketi. Nje ya geti, mtu asiyemjua akamwambia kuna basi la moja kwa moja mpaka Mtwara. Akampa karatasi iliyoandikwa kwa kalamu, pamoja na namba yake ya simu. Clement akalipa.

Siku ya safari walifika stendi asubuhi na mapema, kwenye baridi kali. Basi hilo halikuwepo. Walipompigia yule mtu, simu yake haikupatikana. Apolonia akaketi juu ya begi lake, akafunika uso kwa khanga.

"Turudi nyumbani," akasema. "Labda nimechelewa."

Eveline, mkata tiketi katika ofisi ya mabasi, aliwaona. Akawasalimu kwa Kihehe, "Kamwene," akamletea mama kiti. Kisha akaisoma ile karatasi. Haikuwa na jina la abiria, wala namba ya basi, wala namba ya kiti.

"Kaka, hii si tiketi," alisema kwa upole. "Tiketi hukatwa ofisini, au kwa simu kupitia kampuni yenyewe. Ukipewa, isome kabla hujaondoka. Ukitapeliwa, katoe taarifa polisi."

Clement aliona aibu, lakini aliahidi kwenda polisi.

Apolonia akauliza habari za meli. Yeye alikwenda Mtwara kwa meli kutoka Dar es Salaam, akiwa bibi harusi. Alikumbuka upepo, na Sosthenes akimshika mkono wasianguke. Eveline alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamweleza kuwa siku hizi bandari ile hupokea zaidi meli za mizigo. Abiria huenda kwa ndege kutoka Dar es Salaam, au kwa basi. Barabara ya pwani ilikuwa imeharibiwa na mvua, lakini njia ya Songea, Tunduru na Masasi ilikuwa nzuri.

"Miguu yako huvimba, mama?"

"Huvimba sana."

"Basi usiende kwa siku moja. Lala Songea, lala na Masasi. Basi likisimama, shuka utembee kidogo. Dawa zako ziwe kwenye mkoba wa mkononi, zisiwekwe kwenye buti la mizigo."

Siku ya pili yake waliondoka na tiketi halali, wakafunga mikanda. Walifanya yote waliyoelekezwa. Siku ya tatu ya safari waliingia Mtwara, na miguu ya Apolonia haikuvimba.

Esta alikuwa akimngoja stendi. Alimshika mashavu, akamsogeza karibu, akamtazama kwa muda mrefu.

"Una mvi," akasema.

"Na wewe."

Kesho yake Clement alikwenda ofisini kukata tiketi za kurudi. Halafu wote watatu wakaenda kutembea. Mji ulikuwa umebadilika. Apolonia, mwenye macho mazima, alipotea kila kona. Esta, ambaye aliona kwa shida, alimshika mkono akamwongoza. Walifika kwenye nyumba ya zamani. Chumba cha Apolonia sasa kilikuwa duka la dawa.

Esta akagusa ukuta, akamgeukia Clement.

"Hapa ndipo ulipolia mara ya kwanza," akamwambia.

Clement, mtu mzima mwenye watoto wake, naye akaugusa ukuta ule. Akavua kofia yake, akasimama pale mlangoni na mama zake wawili.