Irine na Kiti cha Msuluhishi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Irine Sosthenes alifagia uwanja, akawatoa mbuzi bandani na kuwafunga kwenye majani nyuma ya nyumba. Ilikuwa kazi ya nusu saa tu, na zamani aliifanya akiimba. Mwezi ule aliifanya amenuna, kwa sababu akiwa pale kwa mbuzi aliuona vizuri mstari wa masale.

Masale ni mimea yenye majani marefu ambayo watu wa Moshi huipanda kuonyesha mpaka. Jirani yao Elibariki, mwenye duka la vifaa vya ujenzi karibu na stendi ya Babati, alikuwa mtu wa Moshi. Baba yake Irine alipokwenda msibani Mbulu, Elibariki alileta vibarua, wakang'oa mistari miwili ya mbaazi na kupanda masale hatua mbili ndani ya shamba la akina Irine. Baba aliporudi na kuuliza, akajibiwa kwamba mpaka ndipo ulipo. Tangu siku hiyo nyumba hizo mbili hazikusalimiana.

Watu husema hasira hasara. Irine aliiona hasira yake kama mali. Aliifuga, akailisha, nayo ikanona.

Hata hivyo, lilikuwapo jambo moja alilolitaka kuliko hata kuona masale yale yameng'olewa. Shuleni kwao, katika mtaa wao wa Bagara, Mwalimu Remigius alikuwa akiwafunza wanafunzi kuwa wasuluhishi. Mwalimu mwenyewe alikuwa amesomea usuluhishi na kupata cheti, na watu wazima walimwita walipogombana. Kwa Ijumaa sita, wanafunzi kumi na wawili wa darasa la sita walibaki baada ya masomo kujifunza kazi hiyo. Mtihani wa kuandika ulipofanyika, Irine alikuwa wa kwanza. Ulibaki mtihani wa pili, wa kusuluhisha ugomvi wa kweli huku mwalimu akiwa amekaa nyuma, kimya, akiandika. Aliyefaulu angepewa cheti na mkuu wa shule siku ya wazazi.

Darasani walimwita Irine Pilipili. Alipochaguliwa kwenye mafunzo walicheka, wakauliza ni nani atakayemsuluhisha msuluhishi. Alikitaka cheti kile kiwafunge midomo, tena wazazi wao wakiona.

Asubuhi ya siku ya mtihani wake, alipokuwa akimalizia kufagia, akasikia hodi. Alikuwa Joyness, binti wa Elibariki, aliyesoma darasa la tano. Mikononi alishika jani moja la masale lililofungwa fundo.

"Baba yako yupo?" Joyness aliuliza. "Bibi amenituma nimpe hili."

Damu ilimchemka Irine. "Ameshatoka. Hatua mbili hazikuwatosha, sasa mnataka kupanda mpaka mlangoni kwetu?"

"Siyo hivyo. Bibi amesema kwamba..."

"Sitaki kujua Bibi yako amesema nini." Irine alimnyang'anya lile jani, akalitupa kwenye matope ya banda la mbuzi, akalikanyaga kwa kisigino. "Kamwambie tumeshalipanda."

Joyness aliangua kilio, akarudi kwao mbio. Irine alinawa mguu, akavaa viatu, akaenda shule moyo ukiwa mwepesi. Hakumwambia mtu yeyote.

Saa nane mchana aliingia katika chumba cha mtihani. Viti vitatu vilikuwa vimepangwa mbele, cha katikati kikiwa cha msuluhishi. Mlango ulifunguliwa, wakaingia wagomvi wake, wote wa darasa la tano. Wa kwanza alikuwa Jenipher. Wa pili alikuwa Joyness, sketi yake ina madoa ya maji na tope hadi magotini.

"Kabla hujakaa, taja," alisema Mwalimu Remigius kutoka nyuma. "Una undugu, urafiki au ugomvi na yeyote kati ya hawa wawili?"

Kutaja ndiyo kanuni ya kwanza waliyofundishwa. Mwenye ugomvi hupisha, mwingine akakaa. Irine aliijua kuliko wote. Lakini siku ya wazazi ilikuwa Jumatano, na wagomvi wengine wangepatikana wapi kabla ya hapo?

"Sina, Mwalimu," alijibu, akakaa.

Joyness aliinua macho, akayashusha.

Jenipher alipewa nafasi kwanza. Alisema ilikuwa zamu yao wawili kumwagilia bustani ya shule asubuhi. Joyness hakutokea, akabeba ndoo zote peke yake, na alipomwona anakuja mwishoni mikono mitupu, akammwagia maji. Irine alirudia maneno yale kama walivyofundishwa, bila kuongeza wala kupunguza.

"Ndivyo," alisema Jenipher.

"Joyness, sema."

"Nilitoka nyumbani mapema," Joyness alianza kwa sauti ndogo. "Nilitumwa mahali, halafu nikarudi nyumbani nalia. Ndiyo maana nilichelewa."

"Umesema hukutaka kufanya kazi," Irine alirudia.

"Sivyo. Nimesema nilitumwa."

"Umesema ulikuwa na visingizio vyako."

"Sivyo."

"Basi umesema nini?" Irine alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. "Ninyi ndivyo mlivyo. Kazi ni ya wenzenu, shamba ni la wenzenu, ninyi mnachukua tu."

Mwalimu Remigius aliweka kalamu chini. "Ninyi ni akina nani, Irine?"

Aliyejibu ni Joyness, naye sasa alikuwa na hasira zake. "Sisi majirani zao, Mwalimu. Bibi yangu alitoka Moshi wiki iliyopita kuja kututembelea. Alipoona Baba amepanda ndani ya shamba la watu, akamkasirikia. Wamebishana siku nne mpaka Baba akakubali kusogeza. Leo Bibi akafunga jani la masale, akanituma nilipeleke kwa baba yake Irine. Kwetu jani hilo ni la kuomba msamaha. Ukiletewa hukatai, hata kama umeumizwa namna gani. Yeye amelikanyaga kwenye kinyesi cha mbuzi. Nilipomwambia Bibi, akaingia ndani, mpaka natoka hajasema neno. Baba naye amesema sasa masale hayaondoki."

"Mbona hukuniambia?" Irine alifoka.

"Nilianza kusema. Ukasema hutaki kujua."

Hilo lilikuwa kweli, na lilimuuma Irine kuliko kama angetukanwa. Hasira yake ilitafuta mtu wa kumrukia, ikamkuta yeye mwenyewe tu. Aliokota kiti, akakisimamisha, lakini hakukaa.

"Mwalimu, nimedanganya," alisema. "Nina ugomvi nao. Nilijua sipaswi kukaa hapa."

"Nashukuru kwa kusema," alijibu mwalimu. "Mtihani umeishia hapo. Hukufaulu. Jenipher na Joyness, nitakaa nanyi mimi mwenyewe."

Nyumbani Irine alimweleza baba yake kila kitu, hata sehemu ya kisigino. Sosthenes alikuwa anapalilia. Alisimamisha jembe, akamgeukia.

"Yaani yule mama alituma msamaha hapa, sisi tukaukanyaga?"

"Ni mimi, Baba. Wewe hukuwepo."

"Basi vaa viatu. Twende."

Elibariki aliwapokea getini akiwa amefura. "Mama yangu hajala tangu asubuhi," alisema. "Mnataka nini tena?"

Bibi Aikande alikuwa amekaa kibarazani. Irine alimwendea. "Shikamoo, Bibi. Mimi ndiye niliyelitupa jani lako. Sikujua maana yake, wala sikuuliza. Naomba unisamehe."

"Marahaba," alisema Bibi. "Umenitia uchungu, mjukuu wangu. Lakini umekuja kwa miguu yako. Nimekusamehe."

Pale pale baba zao wawili walianza kupandishiana sauti kuhusu mbaazi na hatua mbili, na Sosthenes akamgeukia bintiye. "Wewe si umesomea haya mambo? Tusuluhishe."

"Siwezi, Baba," alisema Irine. "Mimi ni wa upande wako. Tumwite Mwalimu Remigius."

Mwalimu alikuja Jumamosi. Kabla hajakaa, alisema wazi kwamba anawafundisha watoto wa nyumba zote mbili, tena kwao ni Mbulu kama kwa akina Sosthenes, na kwamba wakimwona hafai waseme, atafutwe mwingine. Elibariki alimtazama, akavuta kiti, akamkaribisha. Walizungumza asubuhi nzima, mara wakipaza sauti, mara wakitoka kwenda kuutazama mpaka. Mwishowe Elibariki alikiri kwamba aliyemuuzia kiwanja alimwonyesha mpaka kwa kidole tu, naye hakuwauliza majirani. Jioni masale yalikuwa yamerudishwa hatua mbili, na Elibariki aliahidi kuleta mbegu za mbaazi msimu ukifika. Baba yake Irine hakucheka, lakini alimpa mkono.

Jumatano, siku ya wazazi, majina kumi na moja yaliitwa. Irine alipiga makofi kila mara, viganja vikimwasha. Kuna waliomgeukia na kunong'ona. Wazazi walipoanza kuondoka, alimfuata Mwalimu Remigius nje ya ofisi.

"Mwalimu, nilikiri kosa. Nimeomba msamaha. Mpaka umerudi mahali pake. Mbona sikupewa cheti?"

"Kukiri kumekuondolea uongo," mwalimu alisema. "Hakukupi cheti. Sikiliza, Irine. Lile jani hata mimi nisingelijua, kwetu halipo. Lakini ningeuliza kabla ya kukasirika. Tena, kukasirika siyo kosa. Watu walichukua shamba lenu, ulitaka ufurahi? Kosa ni kuibeba hasira hiyo mpaka kwenye kiti cha msuluhishi, ukasema kwamba huna ugomvi. Anayekaa pale anashikilia maisha ya watu. Wakigundua umewaficha jambo moja, hawatakuamini katika mengine yote. Niambie, ningekupa cheti leo, Joyness angekiamini?"

Irine alifikiri, maana alitaka kujibu kwa haki.

"Hapana," alisema.

"Basi mafunzo mapya yanaanza muhula ujao, Ijumaa ya kwanza. Utaanza upya na wenzako wapya, Ijumaa zote sita. Utakuja?"

"Nitakuja. Lakini leo nimekukasirikia, Mwalimu. Sana."

Mwalimu Remigius alitabasamu, akaegemea mlango.

"Vizuri," alisema. "Umeanza kutaja."