Mchoro wa Kioo cha Nyuma

Asubuhi ile samaki walikuwa wawili. Sisemi wale wa majini, wale walikuwa tele; nasema samaki wa kuchorwa. Baba Kidole alikwenda kulala akijua kioo cha nyuma cha tangi lake kina samaki mmoja, mwenye tumbo kubwa na tabasamu la kizembe. Alipoamka akamkuta wa pili kando yake, mdogo, naye anatabasamu vilevile.

Ngoja nirudi nyuma kidogo. Baba Kidole alikuwa akizalisha samaki wa mapambo sebuleni kwake, kwenye tangi la kioo refu kama kitanda, lenye mimea ya kweli iliyoota mchangani. Wenye ofisi na zahanati walimjia kununua vifaranga. Adui yake alikuwa mmoja tu: mwani, ule utando wa kijani unaopanda juu ya vioo na majani. Taa ikiwaka zaidi ya saa nane kwa siku, mwani. Chakula kikizidi, mwani. Ukiuachia, unafunika majani yanaoza, na samaki jike hatagi kwenye jani lililooza. Kwa hiyo kila Ijumaa alisugua vioo vyote vinne kwa sponji na kubadilisha theluthi ya maji, na majirani wakamtania kwamba hata mkewe hapati kusuguliwa mgongo namna ile.

Binti yao wa pekee alikuwa na miaka sita. Walimwita Kidole kwa sababu hakupita mbele ya kioo bila kukigusa. Akitoka shule, baba alimnyanyua, naye alitumbukiza mkono hadi kwapani akachora kwa kidole kwenye utando wa kioo cha nyuma, kabla Ijumaa haijaja kufuta. Mchoro wake wa mwisho ulikuwa yule samaki mwenye tabasamu. Homa ilimkamata Jumanne, Alhamisi usiku akafia hospitali, baba yake akiwa kando ya kitanda. Ijumaa hiyo hakuna aliyesugua kitu.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Alipolirudia tangi, Baba Kidole alisugua vioo vitatu. Cha nne kilimshinda. Na kwa kuwa mwani haumngoji mtu, mistari ya mchoro ikaanza kuzibika, naye akawa anaipitia upya kila wiki kwa ukucha, polepole, ili mtoto asifutike. Mfugaji yeyote angemwambia kwamba kioo kimoja kichafu ni mbegu ya tangi zima. Alilijua hilo kuliko wao. Usipoziba ufa utajenga ukuta, sawa, lakini kuna nyufa mtu anazipenda.

Basi akaja yule samaki wa pili. Unadhani aliogopa? Alipiga magoti akalia kwa furaha. Hakumwambia mkewe. Akaongeza saa za taa, kumi, kisha kumi na mbili, mwani uwe mzito na mchoraji asikose pa kuchorea. Kila alfajiri kukawa na kipya: nyumba, ua, kiganja cha mkono. Halafu harufu ya maji yaliyotuama ikatoka sebuleni ikaingia hadi kwenye mito ya kitanda. Samaki jike alitaga juu ya jani la mwisho lenye uhai, na kufika jioni mayai yote yalikuwa meupe, yamekufa. Siku hiyohiyo Mama Kidole akaanza kukohoa.

Daktari alipima mapafu akasema hayana kitu. Lakini kila mchoro mpya ulipotokea kikohozi kilizidi, na mama wa watu akakonda, akawa analala ameketi kwa kukosa pumzi, hadi siku alipokohoa kwenye leso nyeupe akaikunja haraka, na mumewe akaikunjua, akakuta ndani yake nyuzi za kijani, zenye utelezi, ambazo yeye, katika watu wote duniani, hakuhitaji kuambiwa ni nini.

Ndipo akakiri yote. Alitegemea ugomvi. Mkewe aliikunja upya ile leso.

"Umekuwa unamwona peke yako siku zote hizi," akasema kwa sauti ya chini. "Hukuniita hata mara moja."

Wakamwita mama wa cherehani wa mtaa wa pili, ambaye mchana alibadilisha zipu za suruali, na ambaye watu walimfuata kimyakimya nyumba ikiwa nzito. Alikuja na pini zake mdomoni. Akainama, akakinusa kioo, akakazia macho kile kiganja.

"Mtoto wenu alikuwa na vidole sita?"

"Vitano," mama akajibu.

"Basi huyu hajui kuhesabu."

Akawaeleza bila kupamba. Ni jini wa maji yaliyotuama, alikuwa anapita zake, akakuta mlango unaosafishwa kwa ukucha kila wiki. Jini gani atapita aache? Chakula chake ni pumzi ya mama aliyefiwa. Dawa ni giza, siku tatu kamili, na Baba Kidole akaafiki kwa kichwa, maana hata wafugaji samaki hutibu mwani sugu hivyohivyo: unalifunika tangi, mwani unakufa kwa kukosa mwanga. Mwani ukifa, mkaaji wake anahama. Mama wa cherehani akalipima tangi kwa futi kama mteja wa gauni, akashona kifuniko cha kitambaa cheusi, tabaka mbili.

"Ataongea kwa sauti ya mtoto," akasema. "Msifunue. Mkifunua, huyu mama hamalizi wiki. Na kumbukeni, jini anajua yaliyosemwa ndani ya nyumba hii tu. Lililobaki moyoni mwa mtu halijui."

Siku ya kwanza ilisikika sauti ya kidole kwenye kioo chenye maji, kwi, kwi, kwi. Siku ya pili ilimwita mama, ikataka viatu vyekundu, ikataka kunyanyuliwa, na Mama Kidole akauma shuka, mumewe amemkumbatia, wakakumbushana kwa kunong'ona kwamba hayo yote yalishasemwa humu ndani. Siku ya tatu, saa sita mchana, jua limejaa dirishani, redio ya jirani inaimba, mama yuko chumbani anaivuta pumzi moja baada ya nyingine kama anayepanda ngazi, sauti ikatoka chini ya kitambaa, ndogo, haina hasira.

"Baba, umezima tena."

Kidole aliogopa giza. Maisha yake yote alilala taa ikiwaka. Alhamisi ile hospitali alihangaika na homa, na baba yake, amechoka, akanyoosha mkono kuzima taa ya kitandani ili mtoto apate usingizi. "Baba, usizime," akasema. Kidogo tu, mwanangu, akamjibu, akazima, akapitiwa na usingizi. Alipoamka mtoto alikuwa wa baridi. Hakuwahi kumwambia mtu, hata mkewe. Aliwaambia wote kwamba alikufa taa inawaka.

Akashika pindo la kitambaa. Chumbani mkewe akakwama pumzi, kimya, kisha ikarudi kwa shida. Akaliachia pindo, akaketi sakafuni, akaitwa baba hadi jua lilipozama. Halafu hakuitwa tena.

Walipofunua, maji yalikuwa maangavu na mwani umeanguka chini kama vumbi. Kioo cha nyuma hakikuwa na kitu. Kikohozi kikakoma, mama akala, akanenepa. Wiki ya tatu samaki jike alitaga kwenye jani jipya, na vifaranga wakaanguliwa. Jioni moja, wakiwatazama, Mama Kidole akauliza kwa nini yule jini alisema "tena". Mumewe akasema hajui.

Kesho yake alimrudishia mama wa cherehani kitambaa chake. Akamuuliza kama jini anaweza kujua jambo ambalo mtu hakuwahi kulitamka nyumbani kwake. Mama wa cherehani akatoa pini mdomoni, moja moja.

"Hawezi," akasema. "Kwani vipi?"

Akamshukuru, akaenda nyumbani, akawasha taa ya tangi. Haijazimwa tangu siku hiyo, mchana na usiku. Kioo cha nyuma kimeanza kuwa kijani, naye huketi mbele yake akimwomba msamaha mtoto wake. Jana mkewe alikohoa chumbani, mara moja tu. Baba Kidole alisikia. Alinyoosha mkono hadi kwenye swichi, akakumbuka ile "Baba, usizime," akaurudisha.