Bibi Kinu na Kuni za Mtufaha

"Ifahamike kwa watu wote wa nyumba hii: kuanzia leo, baridi imepigwa marufuku!"

Tokuji alitangaza hayo mkono kiunoni. Kisha akafungua mlango wa jiko jipya la kuni la kupashia nyumba joto. Moshi ulimpiga usoni, akarudi nyuma akipiga chafya.

Mama yake, Bibi Kinu, alikuwa amekaa karibu na jiko. Alivaa koti, skafu na soksi jozi tatu.

"Marufuku yako haijafika miguuni, mwanangu," alisema huku akikohoa.

Ilikuwa Desemba. Theluji ilifunika shamba lao la matufaha. Ndani ya jiko kuni zilitoa povu, na kioo cha mlango wake kilikuwa cheusi tii. Tokuji alipewa kuni hizo bure mwezi Oktoba, ilipokatwa mierezi ya hekalu. Alizifunika turubai kuanzia juu hadi chini, akazisahau.

Bibi Kinu hakuogopa moshi. Alimwogopa Yasuo, mwanawe mkubwa anayeishi mbali, katika jiji la Nagoya. Yasuo alikuwa amepiga simu: "Nakuja Jumamosi. Nikikuta nyumba ina baridi, naondoka na Mama." Yasuo aliishi ghorofa ya tisa. Huko hakuna shamba, wala jirani wa kusengenya naye.

Alhamisi, jirani yao Mama Orii alikuja kusafisha bomba la moshi. Alitoa ndoo nzima ya masizi yenye lami.

"Tokuji, ulikuwa unachoma nini humu? Viatu?"

"Kuni tu, dada. Za bure."

"Bure yako ingekuunguzia nyumba. Lami hii ikishika moto ndani ya bomba, mmekwisha."

Alichukua vipande viwili vya mwerezi, akavigonganisha. Du!

"Umesikia? Kama boga. Kuni kavu hulia ka! Huwa nyepesi, na ncha zake zina nyufa. Hizi zimejaa maji. Moto unachemsha maji kwanza, wewe unabaki na moshi."

"Sasa nizikaushe vipi?"

"Zipasue. Zipange juu ya mbao, zisiguse ardhi. Funika juu tu, pembeni upepo upite. Mwakani zitafaa kuwashia, maana mwerezi huwaka haraka na kuisha. Moto wa kukaa unataka mti mgumu. Mwaloni, kwa mfano. Lakini huo uache miaka miwili."

"Miaka miwili!" Bibi Kinu alishtuka. "Yasuo anakuja keshokutwa!"

Mama Orii alichungulia dirishani. "Na zile kuni nyuma ya ghala?"

Ilikuwa mitufaha ya zamani. Ilikatwa miaka mitatu nyuma ili kupisha miche mifupi ya kisasa. Ilipasuliwa, ikapangwa chini ya paa, na hakuna aliyeigusa tena.

Tokuji aliinama. "Hiyo aliipanda Baba. Nani ataichoma?"

Wote wakamtazama Bibi. Bibi alitazama miguu yake.

"Marehemu aliipanda itupe matunda. Tumekula," alisema mwishowe. "Miaka hamsini nilimpikia. Na yeye sasa anikanze miguu. Nenda kalete!"

Tokuji alileta vipande viwili, akavigonganisha mwenyewe. Ka!

Waliwasha kwa vijiti vikavu vya mwerezi kutoka ghalani. Waliacha tundu la hewa wazi mpaka moto ukashika, ndipo wakaweka mtufaha. Kioo kilibaki safi. Bibi akavua skafu, kisha koti.

Jumamosi Yasuo alifika. Baada ya dakika kumi alikuwa amevua sweta na anajipepea.

"Mbona kuna joto hivi? Niliambiwa Mama anakaushwa kwa moshi kama samaki!"

"Nani kakwambia?" Bibi aliuliza.

Yasuo aligeuka kumtazama binti wa Tokuji, aliyekuwa likizo kutoka shule ya bweni. Binti huyo ghafla alikuwa na kazi nyingi sana za kupanga kuni.

Basi, nakiri. Binti huyo ni mimi. Nilimpigia Baba Mkubwa Yasuo simu ili kumtania Baba, nikatia chumvi nyingi kuliko samaki mwenyewe. Nusura Bibi ahamishwe kwa ajili ya kicheko changu.

Bibi amebaki kwake. Nami nimehukumiwa kupasua mierezi yote ya hekalu, na kuwaandikia wengine habari hii wajifunze. Nilipoiandika mara ya kwanza, nilimwacha nje yule aliyempigia Yasuo simu. Bibi aliisoma yote, akanirudishia karatasi.

"Imepungua mtu mmoja," alisema. "Andika tena."