Laini ya Fundi

Asubuhi ile fundi simu alikuwa amepinda juu ya meza, bisibisi mkononi. Mkewe alikuwa anafagia. Maaskari watatu wakaingia.

"Laini yako ilitumika kwenye simu ya mtu tunayemtafuta. Ni kesi ya usalama wa taifa. Twende."

Askari mmoja, Mungu ambariki, alimsubiri avae viatu. Kisha wakaondoka naye.

Mke alibaki peke yake. Akachukua daftari la wateja, akawasha jiko.

"We mama, unafanya nini?" Alikuwa Bibi Miwani, jirani yao, karani mstaafu wa mahakama.

"Nalichoma, bibi. Lina majina ya watu. Wasije wakakuta jina baya!"

"Lete hapa! Kuharibu ushahidi ni kosa. Tena utamharibia mumeo utetezi. Nimesikia wakitaja laini. Hebu niambie, anajaribuje mtandao wa simu anazotengeneza?"

"Anatia laini yake mwenyewe kwenye kila simu."

"Kila simu? Basi laini hiyo imetembea kuliko miguu yake!"

Mke akacheka huku machozi yanamtoka. Bibi Miwani akampa maji.

"Sikiliza, mwanangu. Kesi ya usalama ni nzito, lakini nayo ina sheria. Mumeo ana haki ya kuambiwa kosa lake. Ana haki ya wakili, na ya kufikishwa mahakamani bila kucheleweshwa. Asitie sahihi karatasi asiyoisoma."

Wakaenda kituoni.

"Hatusemi yuko wapi," askari wa zamu alisema. "Ni siri."

"Upelelezi uwe siri, baba. Mke hafichwi alipo mumewe. Niambie jina lako, niandike."

Askari akamtazama. Akafungua kitabu. "Yupo humu ndani."

Mke akashusha pumzi. Siku hiyohiyo walipata wakili wa msaada wa kisheria, asiyetoza chochote. Alimkuta fundi amewekewa karatasi mbele yake, kalamu imo mkononi.

"Weka kalamu chini," wakili alisema. "Tusome kwanza."

Karatasi ilisema fundi ni mshirika wa yule mtu anayetafutwa. Fundi akakataa kutia sahihi.

Mahakamani wakili alifungua daftari. Iliandikwa humo kwamba simu ya yule mtu ililetwa kioo kimevunjika, ikachukuliwa jioni. Rekodi za kampuni ya simu zilionyesha laini ya fundi ilikaa kwenye simu hiyo dakika nne tu. Hakimu akauliza kama kuna ushahidi mwingine. Mwendesha mashtaka akasema hakuna. Akaamuru fundi aachiwe.

Siku hizi fundi hujaribu simu kwa laini ya duka, na huandika saa anayoitia na anayoitoa.

Juzi afisa mmoja alikuja kuchukua simu ya mteja. Fundi hakuwepo.

"Karibu," mke alisema. "Naomba kitambulisho, na hati ya mahakama."

Afisa akavitoa. Mke akasoma kila mstari, taratibu, mpaka kwenye muhuri. Ndipo akamvutia kiti.