Mgeni wa Kiti cha Nyuma

Mkanda wa kiti cha nyuma kabisa, upande wa dirishani, ulikuwa umefungwa. Kulthum aliuona asubuhi ya Jumatatu aliposukuma mlango wa gari ili Rasha aingie aende skuli, na wa kwanza kumlaumu alikuwa mumewe. Hisham na unadhifu wake, akajisemea, kafunga ili usining'inie. Akaufungua, akauachia urudi mahali pake, akasahau. Jumanne ukawa umefungwa tena, na safari hii ulikuwa umekazwa, umeachiwa nafasi ya kutosha tumbo la mtu mwembamba.

Tuseme kweli, gari yenyewe ilikuwa chaguo lake. Mwezi mzima yeye na Hisham walizunguka mayadi ya Mwanakwerekwe wakikagua magari yaliyotoka Japani, Hisham akiinama chini ya kila moja na kutikisa kichwa, naye ni mwalimu wa hesabu wa chuoni Tunguu, spana hajapata kuishika. Alitaka gari ndogo, ya mafuta machache, ya kumpeleka kazini na kumrudisha. Kulthum alitaka ile ya viti vinane. Hisham akamkumbusha kuwa wao ni watu wanne: yeye, mkewe, binti yao Rasha wa miaka saba, na mama yake, Bi Mashavu. Hivyo viti vinne vilivyobaki atavikalia nani? Kulthum akamwambia wageni hawakosekani. Jibu la moyoni hakulitoa, kwamba baada ya Rasha mimba mbili zilikuwa zimemharibikia, na kwamba alipokaa mbele kwenye ile gari kubwa na kugeuka nyuma aliviona vichwa vya watoto vimejipanga. Hisham alimtazama usoni, akalijua hilo bila ya kuambiwa, akaenda kulipa.

Bi Mashavu, mzaliwa wa Tumbatu, aliomba jambo moja tu. Kabla mtu hajaketi, gari ifukizwe ubani na isomewe Yasin, kama nyumba inavyofanyiwa. Nyumba yao ya Kiponda ilifukizwa kila Alhamisi jioni, lakini gari isingeweza hata kuukaribia mlango wake, kwa vile vichochoro vya Mji Mkongwe ni vya miguu na baskeli. Ingelala mbali, peke yake, kwenye uwazi wa Malindi. Bibi akasema kinacholala nje ndicho cha kuangaliwa zaidi. Hisham akacheka, akasema moshi utaharibu vitambaa vya viti, akanunua kibao cha manukato akakitundika kwenye kioo, akaona yamekwisha.

Jumapili wakatoka matembezi ya kwanza, kwenda Makunduchi. Walipolipita lango la msitu wa Jozani Rasha alilia njaa, wakasimama pembeni mwa barabara chini ya miti na kufunua kapu. Kulthum aliketi kwenye kizingiti cha mlango wa gari, miguu nje, kababu mkononi, na kwa njaa aliyokuwa nayo akatia mdomoni kabla ya kusema bismillahi. Hapo akahisi mtu anapita. Kwa pembe ya jicho aliona upindo wa buibui la kizamani ukiburura majani, na mdomo wake ukafanya kile ambacho mdomo wa mtu wa Unguja hufanya wenyewe anapokuwa anakula na mwenzake anapita.

"Karibu, bibi," alisema.

Anayekaribishwa hivyo husema starehe, akaenda zake. Ndiyo ada, hakuna anayetarajia mpita njia akae kweli kwenye sahani ya watu. Huyu alijibu kwa sauti ya chini, karibu na sikio kuliko pale alipokuwa amesimama.

"Haya. Nshakaribia."

Kulthum aligeuka kutafuta sahani nyingine, na aliporudisha uso hapakuwa na mtu. Kima waliokuwa wakigombana juu ya matawi walikuwa wamenyamaza wote. Gari ikanesa kidogo kwa nyuma, ikashuka, ikatulia, kama inavyoshuka anapopanda mtu mzima. Akamtazama Hisham, Hisham alikuwa akimenya chungwa. Akamtazama Bi Mashavu, naye alikuwa akinawa mikono kwa birika. Rasha peke yake ndiye aliyekuwa ameangalia kiti cha nyuma, anatabasamu kwa haya, kama mtoto aliyeletewa mgeni.

Hakumwambia mtu. Aliona haya, na zaidi ya haya aliogopa kusikia kwamba gari aliyoing'ang'ania ndiyo iliyoleta balaa. Akajitia hamnazo, na siku zikaanza kwenda.

Ikaja harufu. Kibao cha manukato kilinuka limau siku mbili, kisha gari nzima ikawa inanuka majani yaliyooza kwenye maji na asumini ya juzi. Ukaja na uzito. Gari ililala upande wa nyuma hata ikiwa tupu, Hisham akaipeleka kwa fundi, fundi akaitia jeki, akapima springi zote nne, akasema ni nzima na kwamba labda wamebeba kitu. Hisham akafungua nyuma kumwonesha kwamba hamna kitu. Fundi alichungulia, akarudi nyuma hatua mbili, akasema leo ana kazi nyingi na wasirudi kwake.

Rasha naye akaacha kukaa kati na bibi yake. Alitaka nyuma kabisa, akawa akipanda anakwenda moja kwa moja, anajifunga mkanda, anaanza kunong'ona. Kulthum alimtazama kupitia kioo cha dereva. Alimwona mwanawe amegeuza shingo kwenye kiti kitupu, anasikiliza, anaitikia "naam" kwa adabu zote, anasikiliza tena.

Wiki ya pili mtoto alikuwa amekonda. Magauni yalimpwaya, macho yakaingia ndani. Hospitali walimtoa damu, wakampima minyoo na malaria, wakasema hana kitu, ale vizuri. Na mwalimu wake alisema mkoba wa chakula huja skuli umeshakuwa mtupu. Kulthum aliujaza kwa mkono wake kila asubuhi, chapati, yai, ndizi, na kutoka Malindi hadi skuli ni dakika kumi. Nyumbani Rasha alikataa kula. Alisema chakula chake anakihifadhi, atakula garini.

Siku hiyo Kulthum hakuwasha gari. Aliketi mbele, akamgeukia mwanawe, akamuuliza chakula anampa nani.

"Nnampa bibi," Rasha alisema.

"Bibi gani, mwanangu?"

"Wa nyuma. Ana njaa, mama. Hajashiba hata siku moja." Akafikiri kidogo. "Si mgeni wako? Wewe ndo ulomkaribisha."

Na wakati mtoto anasema hayo, Kulthum aliona kitambaa cha kiti cha nyuma kikibonyea taratibu, kwanza mahali pa mapaja, kisha mgongo, kisha mahali pa kichwa, na mkanda uliokuwa umelala ukanyooka wenyewe kupita juu ya hewa, ukatafuta ndoano yake bila haraka, ukalia ta, na ile harufu ya asumini iliyokufa ikamjia usoni na joto la pumzi ya mtu, naye akashuka mbio, akausukuma mlango wa pembeni, akamshika Rasha mkono akamvuta nje kwa nguvu hata kiatu kikabaki garini, akakimbia naye mchana kweupe mbele ya wauza samaki, akapita vichochoro vya Kiponda bila kusalimia mtu, hadi alipofika kwa mkwewe na kumwaga yote, kababu, bismillahi iliyosahauliwa na ile karibu.

Bi Mashavu hakumsuta. Alijifunga kanga ya pili na kutoka, akarudi na Bi Tahiya wa Bububu, mwalimu mstaafu wa chuo cha Kurani, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi. Kulthum alimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akataka apelekwe kwenye gari. Hakuingia. Aliusukuma mlango, akasimama nje akapiga hodi, akatoa salamu kama aliye mlangoni mwa watu, akangoja. Kulthum hakusikia jibu. Bi Tahiya alisikia, kwani aliinamisha kichwa mara tatu, akaufunga mlango polepole, na miwani yake ilikuwa imeingia ukungu.

"Huyu hakuingia kwa nguvu," alisema. "Na mimi siwezi kumtoa kwa nguvu. Mgeni alokaribishwa akifukuzwa hukasirika, na huyu akikasirika hatotoka peke yake. Atatoka na mtoto."

Kulthum aliuliza, kwa sauti ambayo hata Hisham, aliyeitwa kutoka chuoni, hakuisikia vizuri, wafanye nini.

"Ataagwa. Mtamrejesha pale pale mlipomchukua, kabla ya Magharibi, nyinyi wa gari hii peke yenu. Mtamtandikia, mtamlisha, na bismillahi muiseme. Kisha mtamshukuru kwa kuja, mtafunga milango, mtaondoka bila ya kugeuka. Na ndimi zenu mzichunge. Sisi mgeni akiondoka humwambia karibu tena, yatoka yenyewe. Isiwatoke."

Hisham, aliyecheka ubani, hakucheka. Aliapa kwamba neno hilo hatolitamka mpaka afe. Bi Mashavu akaapa. Kulthum akauuma ulimi wake mpaka akasikia ladha ya damu. Rasha alikuwa amelala mapajani mwa bibi yake, mwepesi kama kanga iliyokunjwa, na hakuna aliyemwamsha kumwambia kitu.

Walifika Jozani jua limeshakuwa jekundu kwenye vigogo. Gari ilikuwa nzito njia nzima, ikivuta pumzi kwenye kila kilima. Chini ya ile miti Kulthum alitandika mkeka, akaweka sinia ya wali mweupe, mayai, tende na halua, akamimina kahawa kikombe kimoja. Alisema bismillahi kwa sauti, mara tatu. Kisha akaufungua mlango wa gari na kusema maneno aliyofundishwa, ahsante kwa kuja, tumefurahi, sisi tunakuaga.

Mkanda wa nyuma ukafunguka. Kitambaa kikanyanyuka. Gari ikanesa, ikainuka, ikawa nyepesi, na majani makavu yakalala njia nyembamba kutoka mlangoni hadi kwenye mkeka. Hisham alikuwa analia waziwazi huku ameshika usukani. Wali kwenye sinia ulianza kupungua kwa upande mmoja.

Kulthum alifunga mlango, akapanda mbele, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile akanusa limau. Moyo wake ulifunguka kwa furaha hata akataka kuimba. Alikuwa ameuchunga ulimi wake, na wa mumewe, na wa mkwewe. Hisham akatia gia. Nyuma yake Rasha alikuwa ameamka, amekaa wima karibu na bibi yake, na uso wake ulikuwa umerudiwa na rangi. Alikuwa amefungua kioo cha dirisha. Alikuwa anapunga mkono, vizuri, kama alivyofundishwa na mama yake tangu alipoanza kusema.

"Haya, bibi," Rasha alisema. "Karibu tena."

Bi Mashavu alimziba mdomo kwa kiganja, lakini neno lilikuwa limeshatoka nje. Hisham akakanyaga mafuta. Gari ilikwenda hatua kumi, labda kumi na tano, kisha ikazimika yenyewe katikati ya barabara, na ndani yake kukawa kimya, na kimya kile kilikuwa na harufu, majani yaliyooza na asumini ya juzi, ikizidi na kuzidi, na gari ikaanza kushuka upande wa nyuma, ikashuka tena, na tena, kila mara kwa uzito mdogo kuliko wa kwanza, uzito wa miili midogo inayopanda kwa kusukumana, na Kulthum, aliyekatazwa kugeuka, aligeuka.

Viti vitatu vya nyuma vilikuwa vimebonyea. Mkanda wa kwanza ukalia ta. Wa pili. Wa tatu. Kimoja tu ndicho kilichokuwa hakijakaliwa, kiti cha kati, baina ya Bi Mashavu na mtoto.

Rasha aliutoa mkono wa bibi yake mdomoni kwa upole.

"Mama," alisema, "safari hii kaja na wanawe."

Na kwa kuwa ni mtoto aliyelelewa vizuri, akakunja kiwiko, akajisogeza dirishani, akampisha aliyebaki akae. Mkanda wa nne ukalia ta. Gari ilikuwa imejaa.