Tarehe ya Doto

Kwanza kistari kiligoma kwenda kulia. Mwahija alikuwa akiandika wasifu wa Mzee Maduhu, na Limi, binti wa marehemu, alikaa kwenye benchi la steshenari pale Kagongwa akisubiri karatasi za kusomwa msibani alasiri. Kila Mwahija alipobonyeza mshale wa kulia, kile kistari kinachowaka na kuzima mahali unapoandika kilirudi kushoto. Akabonyeza wa chini, kikapanda. Akabonyeza wa juu, kikatii mara mbili kama mtoto mwema, halafu kikashuka chapuchapu hadi kwenye mstari wa "Alifariki dunia tarehe", kikasimama hapo.

"Mama Samia, kompyuta imeharibika?" Limi alimuuliza.

"Ina kiburi tu leo."

Uongo. Ilikuwa miezi sasa. Fundi alishabadilisha kibodi, akasafisha mashine nzima, na barua za watu na mikataba ya viwanja ziliandikika bila shida. Ugonjwa ulikuwa kwenye wasifu za marehemu peke yake, na moyoni Mwahija alijua ulikotoka. Mtu akifa, waandishi wa steshenari hawaanzi upya. Hufungua wasifu wa zamani, wakabadilisha majina na tarehe. Ule wake wa kwanza, uliozaa nyingine zote, ulikuwa wa mumewe, Doto.

Duara, shimo la wachimbaji wa dhahabu, lilititia Doto akiwa ndani, huko Bulyanhulu, Jumatatu tarehe 11 Machi. Wenzake walichimba siku mbili. Jumatano wakamuuliza mkewe: waendelee, au wasome dua? Shehe Muhidini akasema ardhi imeshamzika. Mwahija, aliyekuwa hajala wala hajalala, akaitikia kwa kichwa. Hitima ikasomwa mdomoni mwa shimo, shimo likafukiwa, na yeye mwenyewe akaandika: alifariki dunia tarehe 11.

Sasa ikaja harufu ya udongo mbichi na magogo yaliyolowa, ile ile aliyokuwa akiifua kwenye nguo za Doto. Kisha, chini ya meza: ngo, ngo, ngo. Kimya. Ngo, ngo, ngo. Kistari kikawaka na kuzima kwa mapigo hayo hayo.

Limi akapandisha miguu kwenye benchi. "Mayu, mama wee! Nani anabisha huko chini?"

Mwahija aliijua hodi hiyo. Ndivyo wachimbaji walivyogonga bomba la hewa wakitaka kuvutwa juu.

"Kimbia msikitini," alinong'ona. "Mwite Shehe Muhidini."

Shehe alikuja bado ana maji ya udhu ndevuni. Alisoma Ayatul Kursi mara saba, na mara zote saba kule chini kuliendelea kugongwa. Mwahija akafungua wasifu wa Doto. Kistari kikaenda chenyewe hadi kwenye 11.

"Unataka niandike nini, mume wangu?"

"Usimwite mumeo," Shehe alisema kwa sauti ya chini. "Huyo ni jini."

Lakini Mwahija alishafuta 11, akaandika 12, akabonyeza mshale wa kulia, na kistari kikarudi kushoto, ngo, ngo, ngo, akafuta tena, akaandika 13, siku ya hitima, siku aliyoitikia kwa kichwa, akasema, "Inatosha, Doto, nakuomba, ishia hapa," akabonyeza mshale huku machozi yakidondokea kibodi, akiomba kiende, kiende tu kulia, na kistari kikarudi kushoto.

Shehe aliacha kusoma.

Akaandika 14. Ngo, ngo, ngo, ila kwa mbali. Akaandika 15. Ngo moja. Akaandika 16, wakasubiri wote watatu, na Limi alikuwa ameziba masikio, lakini hapakuwa na cha kusikia. Mwahija akabonyeza mshale. Kistari kikaenda kulia.

"Jumamosi," alisema. "Alikuwa hai mpaka Jumamosi."

Shehe Muhidini alivua kofia yake. "Mimi ndiye niliyewaambia wafukie."

"Na mimi niliitikia."

Harufu ilikuwa imekwisha. Shehe alisema kwamba jini ametoka, ila alisema kama mtu anayeomba radhi, akaondoka bila kuaga. Mwahija alimalizia wasifu wa Mzee Maduhu, na kistari kikamtii kwa kila mshale. Limi alipokea karatasi zake kwa mikono miwili, akaenda.

Alipobaki peke yake Mwahija akaufungua tena wasifu wa Doto. Akabonyeza kulia. Kikaenda. Kushoto. Kikarudi. Alikipeleka na kukirudisha juu ya ile tarehe, akiomba kigome hata mara moja tu, na hakikugoma. Mwishowe akalaza sikio juu ya meza, akagonga mara tatu, akasubiri.