Kipande cha Pili cha Leso

"Kaka, umepotea ama wanitafuta mimi?"

Mapenzi alikuwa mlangoni mwa duka la vifungo na nyuzi, Biashara Street, rinda la samawati limemkaa barabara. Kijana wa shati jeupe alikuwa akipita hapo mara ya tatu. Akasimama, akacheka kwa haya.

"Nimepotea, dada. Vichochoro vyenu vinanirudisha hapa hapa."

"Basi Jumapili nitakutembeza. Usije ukaozea Mji wa Kale, watu wa kwenu wakatulaumu."

Aliitwa Kyalo, karani wa reli, mzaliwa wa Mwala huko Ukambani. Jumapili zikawa zao. Waliingia Kuze wakatokea Kibokoni, wakipita kwenye harufu ya udi na bizari, wakila viazi karai kwenye vibaraza vya watu. Mapenzi alimfundisha kusalimia kabla ya kuuliza bei. Kufika msimu wa kaskazi, msichana wa watu alikuwa amependa, tena vibaya.

Siku moja Kyalo akamletea leso nyekundu, kipande kimoja. Mapenzi alishangaa. Leso huuzwa mbili zimeshikana. Mwanamke hujifunga moja kiunoni, ya pili akajitanda. Lakini kijana alikuwa amefurahi mno, Mapenzi akaona haya kumuuliza.

Wiki iliyofuata, Joy, mwenzake wa dukani, akarudi kutoka Makadara uso umemshuka.

"Shoga, nimemwona Kyalo. Amemshika mkono mwanamke aliyejitanda leso kama yako. Alinipa mgongo, uso sikuuona."

Simu ya dukani ikalia jioni ile.

"Mpenzi, ni mimi. Kesho alasiri njoo Mama Ngina, pale ukingoni mwa bahari, nina jambo kubwa la kukwambia."

"Kamwambie uliyempa kipande cha pili."

"Kumbe umeshajua? Nilitaka kesho mkutane..."

Akamkatia. Ilipolia tena aliiacha ilie. Alilia na yeye.

Kesho yake aliapa haendi. Ilipofika alasiri alikuwa ameshavaa rinda lake la sikukuu na kujipaka wanja. Hakwenda kupatana, la hasha. Alikwenda kumwona huyo mwanamke, na mwanamke naye amwone. Akashika njia ya Ngome ya Yesu kwa mwendo wa shari, wauza madafu wakimpisha.

Kyalo alikuwa ameketi ukutani, ukingoni mwa bahari. Ubavuni mwake alikuwepo mama wa makamo, nywele zimeota mvi, leso nyekundu mabegani, anatafuna muhogo wa kukaanga. Pua yake ilikuwa ya Kyalo kabisa. Mapenzi akainama kwa adabu.

"Shikamoo, mama," akasema.

"Marahaba. Ndiye huyu?"

"Ndiye," Kyalo akajibu, macho mekundu. "Mapenzi, nilitaka nyinyi wawili mvae nguo moja. Kosa langu ni lipi?"

"Leso haigawanywi, Kyalo. Mwanamke mwingine akivaa nusu yangu, mtaa mzima wasema umenitafutia mke mwenza."

Kyalo alipigwa na butwaa. Alipomweleza mama yake kwa Kikamba, yule mama alicheka mpaka muhogo ukamwanguka. Kisha akajifuta machozi, akamtazama Mapenzi kwa makini.

"Mwanangu, gari la moshi langu ni la jioni hii. Kwetu, wazee hawaendi kuposa msichana ambaye mama hajamwona. Tangu mchana nakungoja. Nilishaanza kufikiri wazee nitawaambia nini."

Mapenzi akainamisha kichwa. Aliona jinsi alivyokaribia kuikataa posa yake mwenyewe, kwa hasira tu. Yule mama akamshika mkono, akauliza polepole kwa Kiswahili chake cha bara:

"Sasa, wazee waje ama wasije?"

Mapenzi akamshika yule mama mkono wa pili. Machozi yakamchuruza na wanja wake.

"Waje, mama," akasema. "Na wasichelewe."